Mafuta ya alovera yanaota ukungu kila baada ya siku kumi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi. Tangu mwaka jana nimeacha losheni za dukani, natengeneza mafuta ya familia mwenyewe. Nasaga ute wa alovera ya uani kwenye blenda, nachanganya na mafuta ya nazi na majani mabichi ya mwarobaini niliyoyatwanga. Siku za mwanzo ni mazuri sana, ila yakifika siku ya kumi yanatoa harufu na juu yanaota ukungu. Jirani mmoja kaniambia niweke vitamini E, mwingine karafuu. Mtoto wangu wa mwisho ana miezi minane na ana pumu ya ngozi, naye nampaka hayohayo. Halafu mama mkwe yuko Kibosho, huniletea asali na majani ya kuchemsha kwa kikohozi, anasema hata mdogo apewe. Niweke nini yasiharibike, na kipi ni salama kwa mdogo?

Jibu: Marahaba mama. Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini salamu nimeipokea kwa mikono miwili.

Nianze na kopo ulilonalo sasa hivi. Litupe. Usikwangue ukungu wa juu ukabakiza wa chini, wala usilirudishe jikoni ulichemshe upya. Ukungu unaouona ni maua tu, mizizi imeshashuka ndani, na moto hauondoi sumu zote ambazo vijidudu vimeshaacha humo. Najua inauma, mafuta mazuri ya nazi ni fedha. Mimi mwenyewe miaka hiyo nikiwa nimetoka chuoni, najiona najua kila kitu, nilitengeneza ndoo nzima ya krimu ya alovera nikawagawia mawifi zangu wote kwenye sikukuu ya Krismasi. Mwaka Mpya haujafika, wifi mkubwa akanirudishia kopo lake, kulifungua lina manyoya ya kijani. Hakusema neno. Aliliweka tu mezani akaomba chai.

Sasa, kwa nini yanaharibika? Jibu lote liko kwenye maji. Mafuta matupu hayaoti ukungu, kwa sababu vijidudu haviwezi kuzaliana pasipo maji. Ndiyo maana chupa ya alizeti inakaa kabatini miezi na haidhuriki. Ute wa alovera karibu wote ni maji. Majani mabichi ya mwarobaini nayo yamejaa maji, hata kama hayaonekani. Ukivisaga pamoja na mafuta umetengeneza uji wenye maji, sukari kidogo ya mmea na joto la Moshi, na hicho ni chakula kamili. Losheni ya dukani nayo ina maji mengi, lakini kiwandani huwekwa vihifadhi vilivyopimwa kwa gramu, na uchachu wake huangaliwa kwa vifaa. Jikoni kwako hivyo huna, na sikushauri uvitafute.

Vitamini E ya jirani ina kazi yake, ila si hiyo. Inachelewesha mafuta kupata ile harufu ya mafuta ya chipsi yaliyokaa. Ukungu na bakteria haiwagusi kabisa. Karafuu nayo inaweza kupunguza vijidudu kidogo, lakini kiasi cha kuvizuia kweli kweli ndani ya krimu yenye maji kitaunguza ngozi ya mtoto kabla hakijamaliza kazi. Kwa hiyo kwa swali lako la "niweke nini", jibu ni kwamba usiongeze kitu. Toa maji.

Tengeneza mafuta ya mgando yasiyo na tone la maji, na alovera ikae peke yake. Vikutane kiganjani, visikutane ndani ya kopo.

Mafuta yenyewe ni mepesi kuliko unayofanya sasa. Unahitaji mafuta ya alizeti, mafuta ya nazi kidogo na nta ya nyuki. Nta uliza wauza asali, wengi wanayo na huiuza kwa kilo. Ikiwa nyeusi na ina vipande vya masega, iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, iache ipoe usiku kucha. Asubuhi itakuwa imeganda juu kama sahani. Itoe, kwangua uchafu ulioshika upande wa chini, kisha ianike kivulini hadi ikauke kabisa. Inukie asali. Ikinukia mshumaa, umeuziwa mshumaa.

Kipimo changu ni gramu 250 za alizeti, gramu 50 za nazi na gramu 60 za nta, yaani sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta. Kama huna mizani ya jikoni, yeyusha nta kwanza, kisha pima kijiko kimoja cha nta iliyoyeyuka kwa vijiko vitano vya mafuta. Haitakuwa sawasawa kabisa lakini itafaa. Vitie vyote kwenye bakuli la chuma au la kioo kinachostahimili moto, bakuli uliweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Usiweke mafuta na nta moja kwa moja juu ya moto, iwe mkaa au gesi, kwa sababu vikipata joto kupita kiasi vinashika moto, na moto wa mafuta hauzimwi kwa maji. Nta inayeyuka ikifika kama nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, na maji yanayochemka yanatosha kabisa kuifikisha hapo. Na huyo wa miezi minane awe mgongoni kwa mtu mwingine, si kwako.

Ikishayeyuka, dondosha matone mawili kwenye kisosi baridi, subiri dakika mbili, pima kwa kidole. Ikiwa ngumu mno ongeza mafuta, ikiwa laini mno ongeza nta. Kipimo hiki cha kisosi usikiruke, kwa sababu hali ya hewa ya huku inabadilika sana. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye kama nyuzi 24 au 25. Mwezi wa pili hapa mjini utayakuta maji matupu kabatini, mwezi wa saba yameganda hadi uyachimbe kwa kijiko, na ndugu zako wa Arusha huyachimba miezi mingi zaidi. Ndiyo maana nimeyaweka kidogo, na ndiyo maana mafuta ya Januari yanataka nta zaidi ya mafuta ya Julai.

Makopo yawe ya kioo. Yachemshe dakika kumi, kisha yaache yakauke kabisa, ndani na kwenye nyuzi za kifuniko. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wanafuta kwa kitaulo cha jikoni na kurudisha vijidudu walivyotoka kuviua. Mimina mafuta yangali ya moto lakini si ya kuunguza, acha kopo wazi hadi yapoe, kisha funga. Ukifunga ya moto, mvuke unageuka matone chini ya kifuniko, na maji yamerudi kwa mlango wa nyuma. Bandika karatasi yenye tarehe. Jaza makopo madogo manne badala ya moja kubwa, na kila mtu achote kwa kijiko kikavu, si kwa vidole vilivyotoka bafuni. Ukifuata hayo yatakaa miezi sita bila shida. (Sufuria na bakuli vifute kwa karatasi kabla ya kuosha. Nta ikienda kwenye bomba la sinki, fundi ataimba wimbo wako.)

Ukitaka kuingiza mmea, uwe mkavu. Majani yaanikwe kivulini hadi yavunjike yakikunjwa, si yapinde. Yaloweke kwenye alizeti, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto mdogo, saa moja hadi mbili, kisha chuja kwa kitambaa safi na kikavu na uendelee kama nilivyoeleza. Rosmari ya uzio inafanya vizuri na harufu yake haichoshi. Mwarobaini unaweza kwa mafuta ya wakubwa. Kitunguu saumu kibichi usikiweke kwenye mafuta kabisa, iwe ya kupaka au ya kumtilia mtoto sikioni kama wengine wanavyofanya. Kikikandamizwa kwenye ngozi ya mtoto kinaunguza hadi malengelenge, na kikikaa ndani ya mafuta kwenye joto la chumba kinaweza kukuza kijidudu kinachotoa sumu ya botulizimu, inayopoozesha misuli, na ambayo haina harufu wala rangi.

Alovera yako basi. Kata jani, lisimamishe kwenye kikombe, upande uliokatwa uangalie chini, dakika 15 au 20. Kile kimaji cha njano kinachotoka ndicho kichungu cha shubiri. Kikinywewa kinaharisha vibaya na kwenye ngozi kinawasha, na nadhani blenda yako imekuwa ikikisaga pamoja na ngozi ya jani. Menya, chukua ute mweupe tu, usage, umimine kwenye kile kitrei cha barafu na ugandishe. Ukitaka kuutumia toa kipande kimoja, kiyeyuke kiganjani, paka, na juu yake pitisha mafuta ya mgando. Ute uliobaki nje ya friza usizidishe siku mbili tatu kwenye friji, na umeme ukikatika usiku kucha ukaukuta umeyeyuka, usiugandishe tena.

Haya yote ni ya wewe, baba na wale wakubwa wawili. Mdogo ana habari yake.

Mtoto mwenye pumu ya ngozi ana ngozi yenye nyufa, inapoteza maji na inaingiza kila kitu. Kila jani, kila harufu, kila kiungo unachomwongezea ni nafasi nyingine ya kumwasha. Kwa hiyo yeye asipakwe alovera, wala mwarobaini, rosmari au karafuu. Mpake yale ya nta, alizeti na nazi bila mmea wowote, na kabla hujampaka mwili mzima paka kidogo upande wa ndani wa mkono wake, subiri siku mbili uone. Au mpake mafuta ya mgando ya dukani yasiyo na manukato. Najua umekimbia dukani, lakini yale hayana maji, hayana harufu, ni ya bei nafuu, na kwa mtoto wa aina hii ni vigumu kuyashinda. Mwogeshe maji ya vuguvugu, si ya moto, dakika tano hadi kumi, sabuni isiyo na harufu na kidogo tu. Mpapase kwa taulo, usimsugue, na mpake papo hapo ngozi ingali na unyevu. Hapo ndipo maji yanapotakiwa, chini ya mafuta na juu ya mtoto. Rudia mara mbili kwa siku au zaidi, hasa kipindi hiki cha baridi cha Juni hadi Agosti ambapo ngozi inapasuka hata kwa wazima.

Kuna mafuta mawili ambayo watu hunishangaa ninapoyakataa kwa watoto wachanga, zeituni na parachichi. Parachichi tunazo hadi tunamwaga, na watu wanadhani kilichotoka kwenye tunda la mlimani hakiwezi kudhuru. Lakini yote mawili yana kwa wingi asidi iitwayo oleiki, ambayo inalegeza ule ukuta wa juu wa ngozi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 uliwapaka watu wazima mafuta ya zeituni mkononi kwa wiki nne, ukuta wa ngozi yao ukadhoofika, ilhali alizeti haikufanya hivyo. Ikiwa ngozi ya mtu mzima inalegea, ya mtoto mwenye pumu ya ngozi usiijaribu. Parachichi paka visigino vyako.

Ngozi yake ikitoa majimaji, ikiota maganda ya njano, au akikuna usiku hadi damu, hapo si suala la mafuta tena. Mpeleke kituo cha afya. Wakiona inafaa watampa rufaa ya kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, ambako kuna chuo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo kwa hilo sisi wa Moshi tuna bahati. Wakikuandikia krimu yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza mwasho na wekundu wa ngozi, itumie kama ulivyoelekezwa, kwa siku ulizopewa. Krimu hizo si adui. Adui ni mtu wa dukani atakayekwambia uchanganye tyubu yake ndani ya mafuta yako ya familia ili "yafanye kazi haraka." Huo ni mkorogo, hata kama ndani yake kuna nta ya nyuki na nia njema. Steroidi ikipakwa kila siku mwili mzima bila kipimo inaikondesha ngozi, na kwa mtoto mdogo inaingia hadi kwenye damu.

Wala usijaribu kutengeneza mafuta ya kuzuia jua. Yale ya watu wenye ualbino, Kilisun, yanatengenezwa hapahapa Moshi, lakini kwa mashine na vipimo. Unga wa kukinga jua ukigawanyika vibaya unaacha mabaka yasiyolindwa na wewe huyaoni. Limao na ndimu zisipakwe usoni kisha mtu akatoka juani, zinaunguza na kuacha madoa meusi ya miezi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, yanataka dawa ya kumeza kwa sababu fangasi yuko kwenye mzizi wa nywele. Na kama nyumba nzima inajikuna usiku, huo ni upele, na nyote mtibiwe siku moja.

Nimeliacha la mama mkwe mwisho kwa kuwa ndilo gumu, na si kwa sababu ya dawa.

Asali kwanza. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ncha ya kidole, hata ikichemshwa ndani ya chai. Inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kilekile cha botulizimu. Utumbo wa mtu mkubwa unazizuia, wa mchanga haujaweza, na kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Anayepata huanza kwa kukosa choo, kunyonya kwa unyonge, kulia sauti ndogo, kisha analegea. Hutokea kwa nadra, lakini nisingecheza nayo. Kwa wale wakubwa, asali ya Kibosho ni dawa nzuri ya kikohozi cha mafua, nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja wakati wa kulala. Ukichemsha tangawizi na kuchanganya na asali na limao, tengeneza ya siku hiyo au ya kesho yake, iweke kwenye friji. Ni maji yaleyale.

Mdogo akikohoa, mnyonyeshe mara nyingi na umsafishe pua. Chemsha maji, pima kikombe cha mililita 250, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, yakipoa mdondoshee tone moja moja kabla ya kunyonya. Tengeneza mapya kila siku. Usimfukize kwa maji ya moto, watoto wengi wamemwagikiwa kwa kufukizwa. Usimpake kafuri au mafuta ya mkaratusi kifuani wala karibu na pua, yanaweza kumbana pumzi. Kisha jifunze kuhesabu: akiwa ametulia, mfunue kifua, tazama saa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mbavu zikiingia ndani, au akishindwa kunyonya, toka naye muda huohuo. Wa mwaka mmoja hadi mitano hesabu yake ni 40.

Majani ya kuchemsha siwezi kuyasemea kwa sababu hukutaja jina, na "majani ya kikohozi" ni mimea mingi, mingine ya kirafiki kama mchaichai, mingine si hivyo. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, kwa mfano, watu huyaona ni dawa ya kila kitu, lakini miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliopewa kwa mdomo wakapata degedege na ini kuharibika. Mti ni uleule ulio uani kwako.

Lakini usiende kumwambia mama mkwe kwamba mfamasia kakataa. Mwambie mdogo bado hajafika mwaka, asali yake unamwekea hadi siku ya kuzaliwa, na uiweke kweli, aione kabatini. Kisha kaa naye umuulize majani hayo yanaitwaje kwa Kichaga, anayachuma wapi, jani lipi na lipi silo. Atafurahi kuulizwa, na wewe utakuwa umepata elimu ambayo haiko kwenye vitabu vyangu. Nipigie picha tawi zima, jani mbele na nyuma, na ua kama lipo, unitumie pamoja na jina hilo. Hadi hapo wakubwa waendelee na asali, majani yasubiri.